Raundi za fedha zenye mikwaruzo na weusi: tunanunua uzito au tunanunua sura?

#1 Mzee wa Mizani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimepokea ujumbe mwingi faraghani ukiuliza jambo lile lile, nikaona bora nilimwage hapa tulijadili pamoja. Mtu amepata mahali panapouzwa raundi za fedha (nasema fedha ya madini, siyo pesa). Baadhi zinang'aa kama kioo, kila moja ndani ya kapsuli yake, yaani kikasha cha plastiki angavu. Nyingine zimerundikwa kwenye tyubu, zimekwaruzana, kingo zimebonyea hapa na pale, na kadhaa zimeshika weusi. Hizi za pili ni nafuu. Anauliza, achukue zipi?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiye na muda asisumbuke. Kama unanunua kwa ajili ya madini, chukua zilizochubuka, usilipie mng'ao. Lakini sura uiangalie, tena kwa makini, kwa sababu sura ni ushahidi. Mkwaruzo, doa, weusi, kila kimoja kinasimulia raundi imepita wapi, na zipo simulizi chache ambazo ukizisoma unarudisha mzigo kwa mwenyewe palepale.

Tuelewane kwanza raundi ni kitu gani. Ni kipande cha mviringo cha fedha safi, kwa kawaida wakia moja ya troi, yaani gramu 31.1035, usafi wa 999 katika 1,000, kilichopigwa chapa na kiwanda binafsi. Si sarafu. Sarafu ina serikali nyuma yake: American Silver Eagle, iliyoanza mwaka 1986, imeandikwa dola moja, na Maple Leaf ya Kanada, Britannia ya Uingereza na Philharmoniker ya Austria zote zina thamani ya kisheria usoni. Raundi haina. Kinachoisimamia ni mizani. Unalipa bei ya soko la dunia ya siku hiyo, unaongeza kidogo kwa ajili ya kazi ya kiwanda na faida ya muuzaji. Siku ukiuza, ile nyongeza ndiyo inayopotea kwanza, madini yanabaki.

Sasa mikwaruzo. Fedha safi ni laini mno. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko kati ya 2.5 na 3, jirani kabisa na ukucha wako. Raundi mbili zikigongana ndani ya tyubu zinaachiana alama, na nyingi huchubuka kabla hazijamfikia mteja wa kwanza. Zaidi ya hapo, mkwaruzo wa kawaida hausombi madini, unayasukuma kando, kama jembe linavyopiga mfereji na udongo ukabaki pembeni. Raundi iliyochoka kuliko zote nilizonazo, ile ambayo herufi zake za ukingoni zimeanza kulala, nimeipima mara tatu: gramu 31.07. Imepungukiwa gramu 0.03, yaani kama asilimia 0.1. Weka hiyo kando ya tofauti ya bei kati ya raundi iliyochubuka na inayong'aa, ambayo aghalabu hufika asilimia kadhaa. Mtu anakimbia hasara ya sehemu moja ya elfu, anaingia kwenye hasara kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Weusi nao umeonewa sana. Watu wanauita kutu, wanadhani fedha inaliwa kama chuma. Hailiwi hivyo. Hewani kuna gesi kidogo yenye salfa, inakutana na uso wa fedha, panatokea utando mwembamba wa salfaidi ya fedha. Mwanzoni unakuwa wa manjano kama majani makavu, kisha kahawia, zambarau, bluu, na mwisho mweusi. Rangi hizo ni unene wa utando unavyocheza na mwanga. Nilikaa nikapiga hesabu: utando wa sehemu moja ya kumi ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ukifunika raundi nzima ya kipenyo cha milimita 39, pande zote na ukingo, umeshika fedha isiyozidi miligramu mbili. Mizani ya kusoma sehemu ya mia ya gramu haiioni kabisa. Na fedha hiyo haijaenda popote, imeungana tu na salfa.

Ninayo raundi moja huwa naitoa kuwaonyesha wanaoanza. Niliinunua ikiwa na nyingine nne, zimefungwa pamoja kwa mpira wa kufungia noti. Mpira ulikuwa umekaukia pale, nilipouvuta ukakatika vipande. Chini yake palikuwa na mstari mweusi tii, ulionyooka, unapita katikati ya uso kama barabara ya lami, na pande zote mbili fedha nyeupe safi. Mpira hutiwa salfa kiwandani ili ukaze, na salfa ile miaka yote ilikuwa inahamia kwenye raundi. Nilipoipima: gramu 31.14. Uzito umetimia na kuzidi kidogo, kama viwanda vingi vinavyofanya. Mstari ule umenipa punguzo siku ya kununua na haujaninyima chochote tangu hapo.

Ndiyo msimamo wangu. Mwenye hoja tofauti alete, nami nitarudi kusema zile alama ambazo kweli ni za kukimbia.

Nawasilisha.

#2 Kipya Kinyemi

Mkuu, heshima yako, lakini hapa sikubaliani nawe.

Mimi siuzi kwa wayeyushaji. Nauza kwa mtu mmoja mmoja, kwa picha. Mnunuzi haoni mizani yako, anaona picha. Nikiweka raundi safi inaondoka siku hiyohiyo na hakuna maneno. Nikiweka iliyochubuka, swali la kwanza ni "mbona hivi?", la pili ni "una uhakika ni halisi?", la tatu ni punguzo. Mara mbili nimejikuta nimetumia wiki nzima kujibu maswali kwa ajili ya kipande kimoja. Kwa hiyo kusema sura haina thamani ni kusahau kwamba anayenunua ni binadamu.

#3 Mzee wa Mizani (mleta uzi)

Umenena, ndugu, na sehemu hiyo nakupa. Jinsi utakavyotoka ndiyo inaamua jinsi utakavyoingia. Anayemuuzia mtu kwa picha anauza imani, na mng'ao unasaidia imani. Anayemuuzia muuzaji mkubwa au myeyushaji anauza gramu.

Ila hesabu yako uikamilishe. Ulilipa nyongeza kubwa zaidi kwa raundi safi. Je, mnunuzi wako alikurudishia nyongeza yote, au alikurudishia sehemu? Na zile ulizoweka kwa miaka mitatu, zimebaki safi? Ukinunua leo ukauza mwezi ujao, sawa, ni biashara. Mimi naongea na anayeweka kwa miaka kumi. Huyo analipia mng'ao ambao hana uhakika wa kuukuta.

#4 Binti Hesabu

Hilo la mwisho mimi ni shahidi. Nilinunua vipande kumi vya usafi wa 9999, yaani 9,999 katika 10,000, vikiwa ndani ya kapsuli kutoka kiwandani. Sikuvifungua. Baada ya miaka miwili vinne vina madoa meupe kama matone ya maziwa yaliyokaukia. Hewa haijaingia, mkono haujagusa. Nilikuwa nimelipia usafi wa sura kwa makusudi.

#5 Sarafu Kuukuu

Dada, hayo yanaitwa madoa ya maziwa na yamewasumbua wengi, hasa wenye Maple Leaf. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mabaki ya dawa za kusafishia hubaki kwenye kisahani cha fedha kabla ya kupigwa chapa, yakachomwa pale kisahani kinapopitishwa kwenye joto ili kilainike. Doa linajitokeza baadaye. Royal Canadian Mint ilitangaza mwaka 2018 teknolojia ya uso waliyoiita MintShield kwa ajili ya kulipunguza tatizo hilo. Kama kiwanda cha serikali chenye uwezo ule kilihangaika namna hiyo, raundi ya kiwanda binafsi utaidai nini?

Nami niongeze jambo kwa mleta uzi. Wanaokusanya sarafu wana kipimo cha hali cha Sheldon, kinachoishia 70, na kampuni kama PCGS na NGC hukitumia kuipa sarafu alama na kuifunga kwenye kasha. Kwa sarafu adimu, tofauti ya alama moja inaweza kuwa kubwa sana kwa bei. Watu wakiona hivyo wanahamishia fikra ile kwenye raundi. Hapo ndipo kosa linapoanza. Adimu ina watu wanaoigombea. Raundi yenye picha ya nyati, ambayo viwanda vingi vinaitoa na mtu yeyote anaweza kuiagiza kesho, haina wa kuigombea hata ingekuwa kamilifu.

Isipokuwa moja: raundi na vipande vya zamani vya Engelhard, kampuni iliyoacha kutengeneza fedha ndogo za wawekezaji mwishoni mwa miaka ya 1980. Hizo zina wakusanyaji wake, wanazijua aina kwa aina, na kwao sura ina bei. Ukikuta moja kwenye rundo, itenge, isikwaruzane na wenzake.

#6 Mgeni wa Fedha

Wakuu shikamooni. Mimi ndiye mmoja wa waliomtumia mzee ujumbe faraghani.

Nimeonyeshwa tyubu moja ya raundi ishirini. Zimechubuka sana, saba zina weusi, moja ina kitu kama alama ya kijivu ukingoni. Muuzaji ni mtu binafsi, ananiambia alirithi, na amekubali nije na vifaa nipime mbele yake kabla ya kulipa. Sijawahi kupima fedha maishani. Nibebe nini, na niangalie nini hasa? Naombeni mniambie kama mtu asiyejua kitu.

#7 Mzee wa Mizani (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Muuzaji anayekubali upime mbele yake tayari amekupa nusu ya jibu. Nisikilize taratibu.

Beba mizani ndogo ya kusoma 0.01, kipimo cha unene cha vernia, sumaku kali ya neodimiamu, glasi ya maji, uzi mwembamba wa kushonea, na kioo cha kukuzia. Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja.

Anza na uzito. Raundi ya wakia moja inapaswa kusoma 31.1 au juu yake kidogo. Ikisoma 31.05 na imechakaa waziwazi, elewa. Ikisoma 30.4 huku uso ni mpya, hapana.

Kisha sumaku. Fedha haivutwi na sumaku, na hilo wengi wanalijua, lakini shaba na risasi nazo hazivutwi. Kitu cha kuangalia ni mwendo. Inamisha raundi, weka sumaku juu yake, iachie. Kwenye fedha inateremka polepole kama inayopita kwenye asali, kwa sababu fedha inapitisha umeme kuliko metali nyingine yoyote na sumaku inayotembea juu yake inazuiwa na umeme inaouamsha yenyewe. Kwenye risasi inateleza upesi. Kwenye shaba itakwenda pole karibu sawa na fedha, kwa hiyo usiishie hapo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote nyumbani ni cha maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, ibonyeze isome sifuri. Ifunge raundi kwa uzi, itumbukize yote ndani ya maji ikining'inia mkononi mwako, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa raundi kwa namba hiyo. Fedha safi ina msongamano wa 10.49, kwa hiyo raundi ya gramu 31.10 itasoma karibu 2.96 au 2.97. Ingekuwa shaba iliyopakwa fedha, yenye uzito uleule, ungesoma kama 3.47. Risasi ingesoma kama 2.74. Tofauti ni kubwa, huhitaji kubahatisha.

Kuna jambo moja litakalokudanganya: mapovu. Raundi ikiingia majini inabeba vipovu vidogo vya hewa kwenye herufi na kwenye meno ya ukingo, navyo vinaongeza namba ya mizani, kwa hiyo msongamano unatoka chini kuliko ukweli. Mara yangu ya kwanza nilipata 10.2 kwa raundi niliyoijua ni halali, nikakosa raha siku nzima. Nilipoangalia kwa kioo nikaona vipovu vimejipanga kwenye meno ya ukingo kama shanga. Tia tone moja la sabuni ya maji, itikise raundi kidogo, subiri, soma tena. Nikapata 10.48.

Na vernia ina kazi yake hapo hapo. Shaba ni nyepesi kuliko fedha, msongamano wake 8.96. Mghushi akitaka uzito utimie kwa kipenyo kilekile, lazima aongeze unene kwa kama asilimia 17. Ndiyo maana raundi moja unayoiamini, uliyoibeba kutoka nyumbani, inakusaidia sana. Ziweke ubavu kwa ubavu.

Sasa sura. Chukua kioo, anza na sehemu zilizoinuka: pua, paji la uso, kifua cha ndege, ncha za herufi. Hapo ndipo panaposuguliwa kwanza. Kama ni fedha tupu, chini ya mkwaruzo utaona fedha. Kama imepakwa, utaona wekundu wa shaba au umanjano unachungulia. Raundi iliyochubuka sana ni rahisi kuhakikiwa kuliko iliyo mpya, kwa sababu imeshafunguliwa tumbo, unaona ndani. Hili wanaokimbia mikwaruzo hawalifikirii. Mkwaruzo mrefu uliokwenda chini na kubaki mweupe mwanzo hadi mwisho, mimi huufurahia.

Angalia pia kama uso una vipele au ngozi inayobanduka. Fedha safi haibanduki. Angalia herufi za kiwanda kama zimesimama imara au zimefifia kama zilizomiminwa kwenye kalibu, maana raundi halali hupigwa chapa kwa mashine yenye nguvu, kona za herufi ni kali hata zikiwa zimechoka. Pitisha kidole ukingoni kuzunguka: ukikuta sehemu imekwanguliwa bapa, mtu ametoa madini pale. Ukikuta tundu, hata lililozibwa, acha.

Hiyo alama ya kijivu ukingoni uliyoitaja, nenda nayo taratibu. Ipime peke yake.

#8 Tanuri

Mzee amemaliza kuhusu kupima. Mimi niliwahi kufanya kazi sehemu ya kuyeyushia, niwape upande wa pili wa dirisha.

Hakuna aliyeuliza sura. Mzigo ukifika unapimwa uzito, unapimwa usafi kwa mashine ya miale, unayeyushwa. Fedha inayeyuka kwenye nyuzijoto 962 za Selsiasi, na ikishakuwa maji, raundi iliyokuwa kwenye kapsuli na iliyokuwa na mstari wa mpira ni kitu kimoja. Weusi wenyewe huuoni tena.

Kilichokuwa kinatuudhi ni vitu vilivyoongezwa. Kulehemu, gundi, vikuku vya mkufu, rangi. Raundi iliyowahi kuvaliwa shingoni ina risasi ya kulehemu yenye metali nyingine, inachafua mzigo, na lazima tumkate mteja. Na wapo walioleta raundi zenye ute wa kijani unaonata. Huo unatokana na vifuko laini vya plastiki ya PVC, vinavyotoa kemikali taratibu na kuula uso. Kwa kuyeyusha si tatizo, lakini kwa anayetaka kuendelea kuziweka, ute ule ukiachwa unazidi kula. Aseto­ni safi inautoa, bila kusugua.

Jingine. Vile vipande vikubwa vya London, vya wakia 750 hadi 1,100, vinavyokubalika kwa viwango vya LBMA (chama cha soko la dhahabu na fedha la London), ningependa mngeviona kwa macho. Vimekwaruzwa, vina alama za forklifti, namba zimegongwa juu yake. Viwango vinataka namba ya kipande, chapa ya msafishaji, usafi usiopungua 999, mwaka, na kipande kisiwe na nyufa wala mashimo. Mng'ao haumo. Mashimo na nyufa vinakatazwa kwa sababu vinaweza kuficha kitu na vinaharibu uzito. Soko kubwa kuliko yote la fedha linaangalia sura kwa namna ileile aliyosema mleta uzi.

#9 Sarafu Kuukuu

Tanuri umenikumbusha mfano wa uchakavu halisi. Sarafu za Marekani za senti kumi, robo na nusu dola zilizotengenezwa hadi 1964 zina fedha asilimia 90. Dola moja ya thamani usoni, zikiwa mpya, ina wakia 0.7234 za fedha. Lakini wauzaji huhesabu 0.715, kwa sababu zimepita mikononi mwa watu kwa miaka na zimepungua. Ona basi: miaka ya kulipia nauli, kuanguka sakafuni na kusuguana mifukoni imekula kama asilimia 1 tu. Na soko halikuzikataa, lilirekebisha namba likaendelea.

Raundi haijawahi kulipia nauli. Imekaa kwenye tyubu.

#10 Kipya Kinyemi

Naanza kulegea. Swali langu la mwisho: kwa nini nisinunue zenye weusi kwa bei ya chini, nikazisafisha, nikaziuza kama safi? Nani atajua?

#11 Mzee wa Mizani (mleta uzi)

Ndugu yangu, hapo nakuomba usithubutu.

Niliifanya. Raundi ya kwanza kabisa niliyomiliki ilishika umanjano kidogo, nikachukua dawa ya meno na kitambaa, nikasugua. Ilipokauka niliigeuza kwenye mwanga wa dirisha nikaona mistari midogo maelfu, yote inazunguka kufuata mkono wangu. Ule uso wa kioo uliokuwa nyuma ya picha umepotea, na hautarudi. Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia, na fedha ni laini kama nilivyosema. Nilitoa umanjano usio na madhara nikaweka uharibifu wa kudumu, tena kwa mkono wangu. Anayejua fedha akiiona anajua mara moja kwamba imesuguliwa, na swali lake linalofuata ni: ulikuwa unaficha nini?

Dawa za kuchovya zenye asidi zinaondoa utando na fedha iliyomo. Ile njia ya foili ya aluminiamu, maji ya moto na soda ya kuokea ina nafuu, kwa sababu salfa inahamia kwenye aluminiamu na fedha inabaki pale ilipo, lakini uso hutoka umepauka kama chokaa. Kwa kijiko cha chakula sawa. Kwa raundi ya kuuza, mnunuzi atakuuliza.

Tena kuna wanaotafuta raundi zilizogeuka rangi vizuri, zambarau na bluu zikizunguka ukingo, na wanalipa zaidi kuzipata. Ukizisafisha umefuta kilichokuwa na bei.

Mwambie mnunuzi ukweli, piga picha ya weusi ulivyo, andika uzito uliousoma, na ikiwezekana ipige picha ikiwa juu ya mizani. Utauza. Polepole labda, lakini utauza.

#12 Kipya Kinyemi

Nimekuelewa mzee. Nitajaribu hiyo ya picha juu ya mizani.

#13 Mgeni wa Fedha

Wakuu, nimerudi. Nimepima zote ishirini, imechukua karibu saa mbili, muuzaji amekaa nami bila kuchoka, tena mwishowe alikuwa ananishikia glasi.

Kumi na tisa zimesoma kati ya 31.09 na 31.17. Za weusi zote saba zimo humo, hazina tofauti yoyote na nyingine. Majini nilipata 10.4 mwanzoni, nikatia sabuni, nikatikisa, zikapanda hadi 10.45 na 10.5. Vipovu nimeviona kwa macho yangu. Nilikwangua kidogo kwa kucha kwenye mkwaruzo mmoja mrefu unaopita usoni, ndani mweupe mpaka mwisho.

Ile yenye alama ya kijivu ilisoma 31.62. Nilifurahi kwa dakika moja nikidhani nimepata ziada, kisha nikakumbuka maneno ya Tanuri. Nikaweka kioo: kuna tone dogo la metali ya kijivu, limesawazishwa kwa tupa, na upande wa pili wa ukingo kuna mchubuko kama pete ilikuwa imekaa pale. Nilimuuliza muuzaji. Akanyamaza kidogo, akasema mama yake alikuwa na mkufu.

Nimechukua kumi na tisa. Ile moja nimemrudishia, na nikamwambia asiiuze kwa uzito, aiweke.

#14 Tanuri

Umefanya kazi safi. Ile nusu gramu tungeikata, na zaidi yake.

#15 Mzee wa Mizani (mleta uzi)

Hongera mwanangu. Sasa toa zile kumi na tisa kwenye ile tyubu ya zamani, angalia kama ni plastiki laini yenye harufu, uitupe. Nunua ya plastiki ngumu isiyo na PVC. Weka mahali pakavu, mbali na mipira, sufu na maboksi ya karatasi ngumu. Andika uzito wa kila moja kwenye daftari leo kabla hujasahau. Weusi uuache kama ulivyo.